Rafu ya Watu Wawili

Siku ile mjinga alikuwa Urpo Hakala, na hadi leo ukimwuliza hakatai. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao, maana mkeka mkuukuu ni wako, lakini msala mpya una mwenyewe, naye yu njiani. Urpo aliyasikia maneno hayo kama bata asikiavyo mvua.

Yeye na mkewe Kyllikki waliorodhesha kila kitabu walichosoma kwenye Vintti, tovuti ndogo ya wasomaji wa mji wa Kuopio, Ufini. Aliyeiendesha ni Saimi, mkutubi wa pale mjini, baada ya saa za kazi. Ilikuwa nzito: ukibonyeza, unachemsha kahawa kabla haijafunguka. Lakini ilikuwa na jambo moja la pekee, rafu ya watu wawili. Urpo akiandika, "Kitabu kizuri," Kyllikki humjibu chini yake, "Ulisinzia ukurasa wa arobaini, nilikuona." Miaka kumi na mmoja walitaniana hivyo. Kisha Kyllikki akafariki, rafu ikabaki na sauti moja.

Aliyemtia Urpo ufunguo ni shemeji yake Reino, kaka wa marehemu.

"Bado umo katika banda lile la kuku?" alimwuliza ndani ya sauna, chumba cha kuoga mvuke, akimwagia mawe ya moto maji. "Watu wote wako kwenye ile tovuti kubwa, shemeji. Mamilioni. Huko ukikohoa tu, mtu anakupa nyota."

"Kweli kule Vintti siku hizi pana upweke," Urpo alikiri.

"Sasa unangoja nini, ziwa liyeyuke?"

Kesho yake Urpo akahama. Tovuti kubwa ikavimeza vitabu vyake mia sita kufumba na kufumbua. Akarudi Vintti kuwaaga wenzake kwa kejeli, "Kwaherini, kuku," kisha akabonyeza pa kufuta. Vintti ikamwuliza mara mbili kama ana hakika. Akajibu ndiyo mara mbili, kama mtu anayemfukuza mchuuzi mlangoni.

Alipoifungua rafu yake mpya, nyota zilikuwepo, tarehe zilikuwepo. Maneno ya Kyllikki hayakuwepo. Kwenye tovuti kubwa msomaji ni mmoja kwa rafu moja. Sauti ya pili haikuwa na pa kukaa. Akawaandikia wenye tovuti. Ikamjibu mashine, ikamshukuru kwa maoni yake na kumpendekezea vitabu kumi kuhusu kufiwa.

Majira yote ya baridi Urpo aliishi kama kiatu kimoja. Kila amalizapo kitabu alijikuta akingoja kutaniwa. Alijaribu kuyakumbuka maneno ya mkewe, yakamjia nusunusu, na nusu nyingine akajua ameitunga mwenyewe.

Theluji ilipoanza kulainika akaenda maktaba, kofia mkononi, na mfuko wa maandazi ya iliki.

"Bi Saimi, nirudishie rafu yangu."

"Niliwaahidi wanachama kwamba kilichofutwa kimefutwa. Sina, mzee Urpo." Saimi akautazama mfuko. "Hayo lakini yaache."

Urpo akakaa kitini kama gunia lililokatwa kamba. Saimi akaigeuza kompyuta imwelekee. "Ulifuta rafu yako. Za watu hukuweza."

Kwenye rafu za wenzao, Kyllikki alikuwa ameandika mara kumi na saba. Urpo akasoma ya kwanza: "Kitabu hiki ni kirefu kama hotuba za kaka yangu Reino, ila chenyewe kinafungika." Akacheka, kisha akavua miwani na kuipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kumi na saba tu," akasema.

"Kumi na saba."

"Lakini nawe niwie radhi, Bi Saimi. Kule wasomaji ni mamilioni, hapa hamfiki mia nne, na kahawa yangu inapoa nikiwangoja mfunguke. Nani asingekwenda?"

Saimi akachukua andazi la pili.

"Na katika mamilioni hao, mzee, ni nani aliyekuuliza Kyllikki alisemaje? Uliacha mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe umeshapita."