Ndege Zilizochelewa Hara Dima

Sogeeni mnisikilize, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nilipewa bila mwisho, na mwisho wake mtautafuta ninyi.

Wakati wa vita vikubwa, Mwingereza na Mtaliani walipogombania nchi ya kaskazini, walikuwapo askari watatu katika kikosi kimoja. Wa kwanza, Galgalo Wario, alikuwa Mborana wa mpakani, na kipawa chake kilikuwa macho. Akilipita kundi la ngamia mara moja tu, jioni angekutajia idadi yao na rangi zao. Wa pili, Nzioki Mbithi, alikuwa Mkamba, na kipawa chake kilikuwa masikio. Aliendesha simu ya upepo, yaani redio ya jeshi, na katika mikwaruzo ambayo wengine waliisikia kama mvua juu ya bati, yeye alisikia maneno. Wa tatu, Mwakalinga, alikuwa Mnyakyusa, fundi baiskeli kabla ya vita. Kipawa chake kilikuwa mikono. Haikuwahi kutetemeka.

Mtaliani alikuwa na uwanja wa ndege mahali palipoitwa Hara Dima. Kutoka huko ndege zake kubwa zilikuja kila wiki kuangusha mabomu juu ya kambi yetu na mji uliokuwa kando yake. Watu walikuwa wamezoea kuchimba makaburi kabla ya kujua ni ya nani. Marubani wetu walitaka kuushambulia uwanja huo, lakini hawakujua ndege zilifichwa wapi.

Galgalo akatumwa akaone. Alivua sare, akavaa kama mchunga ngamia, akatembea siku tisa. Aliingia Hara Dima na kibuyu cha maziwa ya kuuza. Akaziona ndege kumi na saba chini ya nyavu zilizofunikwa matawi. Akaliona ghala la petroli. Akaiona pia karakana ndefu ya mabati ambamo mabomu yalitengenezwa, na waliofanya kazi humo walikuwa watu waliokamatwa vijijini. Mmoja wao alikuwa Guyo, mdogo wake, aliyepotea mwaka mzima.

Mlinzi alikuwa amesimama karibu, kwa hiyo ndugu hao wawili walijifanya hawajuani. Guyo alionja maziwa, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba wao hutoka saa sita kamili kwenda kisimani, na saa saba hurudi ndani. Kama muuzaji anataka wateja, aje saa hiyo. Galgalo akaitika, akaenda zake. Hakuweza kumwambia neno, na siku ya shambulio ilikuwa bado haijapangwa.

Nzioki alikuwa akimngoja juu ya kilima kilichotazama uwanja ule kwa mbali. Alikuwa amekaa hapo siku kumi na mbili na mitambo yake, akinywa maji kwa kifuniko cha chupa, huku doria za adui zikipita bondeni. Galgalo alimweleza yote: ndege, ghala, karakana. Alimweleza pia kwamba mabomu yalikuwa yanapakiwa ndegeni, na kwamba, kama alivyowasikia walinzi wakisema, Jumamosi alfajiri zingeruka zote kwenda kuumaliza mji wetu. Kisha akasema, "Waambie waje kesho, Ijumaa, saa sita kamili. Isiwe kabla wala baada. Ndugu yangu yumo mle."

Nzioki akagonga ujumbe. Hewa ilikuwa mbaya siku hiyo. Aligonga mara ya kwanza, hakujibiwa. Mara ya pili akajibiwa nusu. Akarudia mara ya tatu na ya nne, hasa ile saa, maana aliogopa wataikosea. Hatimaye akasikia kwa mbali sana kambi ikijibu kwamba imeelewa. Dakika chache baadaye betri ikafa.

Ijumaa asubuhi ndege zetu nzito zilikuwa tayari, zimejazwa mabomu, ziruke saa nne ili zifike saa sita. Lakini alfajiri ndege moja ya adui ilikuwa imepita na kuangusha bomu katikati ya njia ya kurukia, nalo halikulipuka. Lilizama ardhini, mkia nje. Bomu la namna hiyo lilikuwa limemuua mhandisi wa kikosi wiki iliyotangulia. Kulilipua palepale kungeacha shimo ambalo lisingezibwa siku hiyo. Ilibidi litolewe zima.

Mwakalinga akalala kifudifudi kando yake, akaanza kulifukua kwa kijiko cha chakula na vidole. Wengine wote waliwekwa mbali. Aliambiwa afanye haraka, basi. Hakuna aliyemwambia saa sita ilikuwa na maana gani. Jua lilimpanda mgongoni, jasho likamwingia machoni, na kila alipotaka kuongeza kasi, chuma kilitoa mlio mdogo, naye akatulia mpaka kinyamaze. Saa sita mchana alilifunga kamba, likavutwa taratibu mpaka korongoni. Rubani mkuu aliutazama mji, akaifikiria Jumamosi, akaamuru ndege ziruke hivyo hivyo, ingawa zimechelewa.

Kule kilimani, saa sita, Galgalo aliwaona wafanyakazi wa karakana wakitoka kwenda kisimani kwa mstari. Akatazama angani. Kulikuwa kweupe. Saa saba aliwaona wakirudi, mmoja mmoja, mpaka mlango wa bati ukafungwa. Alimgeukia Nzioki, akamwambia awaambie marubani wasije tena leo. Nzioki aliifungua mitambo, akasugua nyaya, akaiweka betri juani, akagonga na kugonga. Hakukuwa na sauti yoyote.

Saa nane ndege zikaja.

Zilifanya kazi yake. Ndege zote kumi na saba za adui ziliungua, petroli ikawaka siku mbili, na karakana ikabaki nguzo tupu. Jumamosi hakuna aliyekufa mjini kwetu, na mji ule ulikuwa na watu elfu nne.

Wiki mbili baadaye jeshi letu liliiteka Hara Dima. Wale watatu walikuwapo. Kwenye karakana walihesabu miili thelathini na minne. Galgalo alimtambua Guyo kwa kovu la mguuni. Walimzika wote watatu, na ni hapo, wakiwa na majembe mikononi, Mwakalinga alipoelezwa kwa nini ndege zilitakiwa kufika saa sita. Akaweka jembe chini. Mikono yake ilianza kutetemeka siku hiyo, na haikuacha.

Kisha Meja, mkuu wa kikosi, akawaita. Aliwaambia kwamba kikosi kizima kingepelekwa ng'ambo kwa meli, kwenye vita vibaya kuliko hivi. Lakini kwa ajili ya Hara Dima wakubwa walikuwa wametoa zawadi: karatasi ya kumruhusu askari mmoja arudi nyumbani moja kwa moja. Akawaambia wakubaliane wenyewe. Wasipokubaliana hadi lori lije, ataichana, na watapanda meli wote.

Walikaa chini ya kivuli cha tangi la maji.

Mwakalinga ndiye aliyeanza, bila kumtazama mtu. "Sitawadanganya, ndugu zangu. Naitaka. Huko watanipa mabomu ya kufukua, na mikono yangu mnaiona. Sitamaliza mwezi. Mke wangu ana mtoto ambaye sijamwona."

Nzioki alisema yeye alitaka kumwachia Galgalo kwa sababu ya msiba, lakini moyo ulikuwa umemkatalia. Mama yake alitoa wana watatu jeshini. Wawili wamekwisha kufa. Aliyebaki ni yeye.

Wakamgeukia Galgalo.

"Mimi sitaki kurudi," alisema. "Mke wa Guyo ataniuliza nilikuwa wapi mumewe alipokufa, na itanibidi nimwambie nilikuwa kilimani, natazama. Lakini ana watoto wanne, na ukoo wetu haukubakiwa na mwanaume mwingine. Nisiporudi, nani atawalisha?"

Kila mmoja alijua kwamba bila macho ya Galgalo, au masikio ya Nzioki, au mikono ya Mwakalinga, mji ungeteketea. Na kila mmoja alijua jambo la pili, ambalo hawakulitamka: yule aliyeomba saa sita, yule aliyeimaliza betri, na yule aliyechelewesha ndege, ni haohao watatu.

Lori likasikika likija. Meja akatoka hemani, akaiweka karatasi juu ya boneti, akafungua kalamu. Akauliza jina.

Na mimi niliambiwa mpaka hapo tu. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyenisikiliza: je, ungemtaja nani? Na ukishamtaja, wageukie wale wawili wanaopanda lori, uwaambie kwa nini si wao.