Kiti cha Bi Nyemo

"Cha moyoni hupakiwa mwisho." Babu Masima aliwatupia wajukuu zake msemo huo walipokuwa wakipakia vyombo vya dada yao, bibi arusi, kwenye pikapu. Sanduku la nguo za harusi walikuwa wamelisukuma hadi ndani kabisa, nyuma ya makabati, eti kwa heshima. Wakacheka. Mmoja akauliza kama basi na bibi arusi mwenyewe apakiwe mwisho, baada ya masufuria. Babu akajibu kwamba huyo hasa, kisha akaketi juu ya godoro lililokuwa linangoja zamu yake, na kazi ikasimama. Maneno hayo, akasema, yana kwao, na kwao ni Manyoni, kando ya barabara kuu.

Alikuwako dereva wa lori, Chedego, aliyebeba mizigo ya kuchanganya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mzigo wa kuchanganya si kama saruji ya mtu mmoja, ukajaza gari ukaenda zako. Huyu ana mabati, yule ana magodoro, mwingine ana kioo cha saluni ambacho hataki hata kipumuliwe. Kila mzigo una mji wake, na kila mwenye mzigo huamini lori zima limewashwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kanuni ni moja: cha mbali huingia kwanza, cha karibu huingia mwisho, ili kila ufikapo mji, mzigo wake uwe mlangoni unakungoja. Chedego aliijua kanuni hiyo kuliko alivyojua majina ya shangazi zake.

Nyumbani kwao kulikuwa Manyoni, katikati ya safari. Mama yake, Bi Nyemo, aliitambua honi ya mwanawe kati ya honi zote. Akiisikia, huacha ugali ukaungua, akaja kukaa juu ya jiwe kando ya barabara. Chedego husimama, huteremsha kioo, wakaongea, yeye juu, mama chini, na injini ikinguruma katikati yao kama mgeni asiyejua kuaga. Hakuizima kamwe. Alisema stata ina kigeugeu. Stata ilikuwa nzima. Alichoogopa ni kwamba akizima, ukimya ukaingia, hataondoka tena, na nyuma kulikuwa na mizigo ya watu.

Siku moja mama alimtania kwamba sasa si yeye anayelikalia jiwe, jiwe ndilo linalomkalia. Chedego akacheka, akatia gia. Lakini utani ule alisafiri nao hadi Mwanza, akarudi nao hadi Dar, na huko akanunua kiti cha mninga, kilichosukwa kwa kamba, chenye mikono na mgongo wa kuegemea.

Hapo mapenzi yakamfanya mjinga. Kabla mzigo wowote haujaingia, alikipandisha kiti mwenyewe, akakiegemeza mbele kabisa, nyuma ya kabini. Wapakiaji wakamuuliza kama kiti kinahamia Mwanza. Akawaambia wasimfundishe kazi. Alitaka kiwe karibu naye, na kila akikata kona akisikie kikilia nyuma ya kisogo chake. Basi wakapanga mabati ya Mwanza, magodoro ya Shinyanga, mapipa ya Singida, hadi vya Dodoma mlangoni. Turubai likafungwa.

Njia nzima alikisikia. Krii, krii. Alishusha vya Dodoma, akaimba mpaka Manyoni, akapiga honi. Bi Nyemo akaja, akakaa juu ya jiwe. Chedego akaruka chini, injini ikiwaka bado, akafungua mlango wa nyuma kwa tabasamu la bwana harusi. Ukuta wa mapipa ukamtazama.

Alisukuma pipa moja, halikumjali. Wapakiaji hapakuwa nao, na hata wangekuwapo, ingebidi lori lote limwagwe barabarani. Mama akamuuliza anatafuta nini. Akamweleza. Bi Nyemo akachungulia giza la ndani, asione hata mguu wa kiti.

"Kimeingia lini?"

"Kwanza, mama. Kabla ya vyote."

"Na kinachoingia kwanza?"

Chedego akatazama viatu vyake. "Hutoka mwisho."

"Basi nenda nacho, baba. Kikaone ziwa, halafu kije kinisimulie."

Alicheka. Lakini lori lilipoondoka, Chedego alipotupa jicho kwenye kioo cha pembeni alimwona bado amesimama, hajarudi kukaa. Kiti kikalia hadi Mwanza. Yeye hakuimba tena.

Safari ya kurudi alibeba dagaa na mchele wa kupeleka Dar na Dodoma. Kiti kilibaki nje wapakiaji wakikikalia kwa zamu, kisha kikaingia mwisho, mlangoni kabisa. Manyoni, mlango ulipofunguka tu, kiti kilikuwa kama kinajishusha chenyewe. Bi Nyemo akakinusa, akakubali kwamba kweli kilifika ziwani. Akakaa. Akaegemea. Akafumba macho. Chedego alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kabini.

"Nimekaa," mama akasema, macho yamefumbwa. "Na wewe umejipakia wapi, mwanangu?"

Hakuelewa.

"Kila upitapo nakuchungulia. Naona mapipa ya watu, magodoro ya watu. Wewe uko ndani kabisa, huko kiti kilikokuwa. Cha moyoni hupakiwa mwisho, baba. Kiti umekiweka mlangoni. Wewe je?"

Chedego alisimama na mguu wake kwenye ngazi. Kisha akanyoosha mkono ndani, akazungusha ufunguo. Ukimya aliouogopa miaka yote ukaja, na ndani yake hamkuwa na kitu ila kuku, na kiti kikilia, krii, chini ya mama yake. Akaenda akakaa juu ya jiwe. Lilikuwa baridi kweli. Dagaa wa watu walikuwa wamekwisha kukauka tangu Mwanza, kungoja hakukuwadhuru. Hakuondoka mpaka boneti ikawa inashikika kwa kiganja.

Aliondoka, ndiyo, dereva huondoka. Lakini tangu siku ile wenzake walimwona akizima injini Manyoni. Wakamcheka, kisha kila mmoja akaanza kuzima yake, kwao.

Babu Masima akainuka. Wajukuu walikuwa wameshaanza kushusha makabati, wakilifuata sanduku. Cha moyoni hupakiwa mwisho.