Mikeka Mia Tano ya Darul-Yakini

Wasimulizi wamepokezana habari hii mpaka ikanifikia mimi, nami siipunguzi, ya kwamba katika mji wa Zamharani alitawala Sultani Mughira bin Dahmani, mwenye farasi wa kila rangi na mawaziri wa kila tabia, na fahari yake kubwa haikuwa jeshi wala hazina bali chuo kilichoitwa Darul-Yakini, ambacho wanafunzi wake walisifiwa kuwa ni wateule watupu. Kila mwaka mpiga mbiu alipanda juu ya lango kuu na kusoma majina mia mbili, na aliyesomwa jina lake alibebwa mabegani, na asiyesomwa alirudi kwao kainamisha kichwa, na mtaa mzima ukajua.

Lakini chuo kilikuwa kikubwa na wateule hawakutosha kukijaza. Kwa hiyo kesho yake ulifunguliwa mlango mdogo wa nyuma, ulioitwa Mlango wa Masazo, wakaingizwa kimyakimya vijana waliobaki, kwa sharti moja. Ndani ya kizingiti aliketi jini Tarkushi, aliyefungwa kwa pete ya babu yake Sultani, na daftari kubwa mapajani, na kila aliyepita alimwachia jina alilopewa na wazazi wake naye akapewa jipya. Na jina la kwanza lilipoondoka liliondoka na kumbukumbu za nyumbani kwake, na mama, na baba, na njia ya kurudia. Hivyo chuo kikajaa na fahari ikabaki safi.

Katika mji huo aliishi msuka mikeka, Bi Mize binti Shaali, mjane wa mtoto mmoja, Nasibu. Nasibu hakusomwa jina langoni, na asubuhi ya pili akamuaga mama yake kwamba anakwenda kujaribu mlango wa nyuma, na kwa kuwa Bi Mize hakujua kusoma, akamwahidi, "Nikirudi, mama, barua zako zote nitakusomea mimi." Hakurudi. Walinzi wakamjibu Bi Mize kwamba hakuna anayeingia chuoni ila waliotangazwa, basi mwanawe akamtafute kwingine. Akamtafuta miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo macho yake yakaisha, akawa anasuka kwa vidole tu.

Na mikeka aliyosuka ilikuwa ya chuo hichohicho, kila mwanafunzi mpya mkeka wake. Mwaka mmoja alikuwa akifunga bunda la mwisho na mbiu ikisikika barazani kwake, akayahesabu majina kama anavyohesabu miaa ya kusukia, akapata mia mbili kamili; na mikeka aliyoagizwa ilikuwa mia tano. Mikeka mia tatu ilikaliwa na watu ambao chuo kilisema hawapo.

Mke wa kadhi, mteja wake wa siku nyingi, ndiye aliyemnong'oneza kwamba iko sheria ya zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuitangaza: daftari la Tarkushi ni la raia wote, na yeyote aweza kuuliza yaliyomo, na akikataliwa mara mbili, mara ya tatu huuliza mbele ya Sultani.

Basi akapeleka ombi kwa Mwenye Mhuri wa chuo, Sheikh Kamaluddini, mtu mpole wa sauti, msafi wa kanzu, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba yeye mwenyewe ni mteule, naye Ijumaa iliyokuwa inakuja angemwoa binti Sultani. Jibu la kwanza lilisema daftari ni nene, na kulipekua kungemchosha jini siku kumi na nane, jini ambaye juzi tu alihamisha kilima ili Sultani apate upepo. Jibu la pili lilisema idadi ikijulikana miji shindani itacheka na maslahi ya chuo yatadhurika. Bi Mize kila mara aliambiwa na bawabu maneno mawili tu, "Umekataliwa, bibi," akazifutika karatasi zile katika pindo la nguo yake, wala hakutaka mgeni amsomee.

Siku ya baraza akaongozwa mbele ya kiti cha enzi, na nyuma yake wakasimama wazazi wengi waliokuwa wamekaa kimya miaka kwa aibu. Akasema, "Maulana, Mungu akupe umri. Nasuka mikeka mia tano na nasikia majina mia mbili. Naomba majina ya hao mia tatu wa kila mwaka, na walipo. Mmoja wao ni wangu."

Sheikh Kamaluddini akainama na kunena kwa ufasaha kwamba chuo ni kioo cha ufalme, na haifai kukipumulia. Sultani akamtazama mkwe wake mtarajiwa, kisha akawatazama wale wazazi, na idadi yao ikamtisha. Akaisugua pete.

Tarkushi akatokea, akafungua daftari na kusoma mwaka baada ya mwaka. Wengine walikuwa wamekufa chuoni na kuzikwa kwa majina yasiyo yao, na kila lilipotajwa jina la namna hiyo kulisikika mtu akikaa chini. Ulipofika mwaka wa Nasibu jini akapunguza sauti.

"Wa kumi na moja kupita mlangoni, Nasibu bin Shomvi, mwana wa Bi Mize msuka mikeka. Akapewa jina Kamaluddini. Yupo hapa, ameshika mhuri."

Jina likamrudia palepale, na pamoja nalo harufu ya ukindu unaoanikwa, na sauti iliyokuwa ikimwita kula. Na barua mbili alizomkatalia mama yake alizikumbuka pia, neno kwa neno. Akashuka ngazi, akapiga magoti mbele ya mama yake. Bi Mize akaipapasa mikono yake, kisha akafungua pindo la nguo.

"Nisomee, mwanangu. Nimezitunza, hajanisomea mtu."

Akasoma ya kwanza mpaka mwisho. Ya pili akasoma mpaka ulipo mhuri wake, akashindwa.

"Kumbe ulisoma kweli," mama yake akasema.

Sultani akaamuru daftari litundikwe kwenye lango kuu, na Bi Mize akapewa jumba na watumishi, asikae humo hata mwaka, mauti yakamfika. Binti Sultani akaozwa Ijumaa ileile kwa mtu mwingine, ngoma zikapigwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza bwana harusi aliingia chuoni kwa mlango gani. Na fundisho la habari hii ni kwamba anayeficha idadi huwa anaficha watu, na huenda naye mwenyewe yumo miongoni mwao. Nasibu aliuacha mhuri, akaketi langoni kando ya daftari, akawasomea wasiojua kusoma majina ya watoto wao, na hakuoa.