Mzee Jubran Alipompokea Mgeni wa Baitulmali

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji katika nchi za ndani za Hadharamauti, na mjini humo palikuwa na nyumba ya wazee mafukara. Walikuwa kumi na mmoja, wake kwa waume, wasio na mtoto wala ndugu wa kuwashika mkono. Unga wao na mafuta yao vilitoka Baitulmali, yaani hazina ya mji, na kutoka huko pia walilipwa watumishi wawili wenye nguvu waliowainua wazee vitandani, wakawaogesha na kuwapeleka haja. Msimamizi wao alikuwa mjane mcha Mungu aitwaye Bi Thuwaiba.

Wala msidhani kumwinua mzee ni kazi ndogo. Aliyewahi kumuuguza babake anajua. Asiyejua na anyamaze.

Ukaja mwaka wa ukame. Liwali wa mji akaona maghala yanapungua na vitongoji vinalia njaa, akaamuru kila nyumba inayokula kwa Baitulmali ikaguliwe. Wanaojiweza waachiwe unga tu, na watumishi wao wapelekwe kwa wasiojiweza. Amri ile haikuwa na dhuluma. Akamtuma katibu wake, Mundhir bin Saad, mtu mwadilifu asiyeijua rushwa hata harufu yake.

Sasa sikilizeni walivyofanya wazee wangu hawa! Katika mji ule mgeni hapokewi kwa malalamiko. Anayelalama mbele ya mgeni amemfukuza, ndivyo walivyolelewa. Basi walipoambiwa kwamba mtu wa Liwali anakuja Alhamisi baada ya alasiri kuwakagua, wao walisikia mgeni tu, hawakusikia kingine. Wakataka waogeshwe mapema, wakavishwa nguo za Idi, ukatandikwa mkeka mmoja mzuri uliobaki. Mzee Jubran, ambaye enzi zake alikuwa mwokaji wa mikate wa mji mzima, na ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi mwaka wa tatu huo, akamwita Bi Thuwaiba.

"Mwanangu, nisimamisheni kwenye ile nguzo. Sijapata kumpokea mgeni nimelala."

"Baba, huyu anakuja kutazama hali zenu."

"Naye atanikuta mtu mzima na heshima yangu."

Bi Thuwaiba akamwonea huruma. Watumishi wakamsimamisha, naye Bi Thuwaiba kwa mikono yake akamfunga kiunoni kwenye nguzo kwa kilemba kirefu, akamvika joho juu yake pasionekane kitu.

Katibu akaingia, akapokewa kwa tabasamu, kahawa na tende. Nazo tende zile zilikuwa za kuliwa wiki nzima. Akauliza, "Hamjambo, wazee wangu?" Wakaitikia wote, "Hatujambo, alhamdulillahi!" Akauliza, "Mna shida gani?" Mzee Jubran akajibu, "Shida yetu ni kwamba unataka kuondoka mapema." Wakacheka, naye akacheka. Lo, kicheko kile kiliwagharimu! Mundhir akarudi akaandika alichokiona: nyumba ni safi, wazee wanasimama, wanajiweza. Jumamosi yake watumishi wakaondolewa.

Haikufika siku ya nne, Bi Thuwaiba akawa hawezi kuinama kwa maumivu ya kiuno. Bibi mmoja alianguka akijikokota kwenda msalani, akateguka mkono. Naye Mzee Jubran aliacha kunywa maji ili asimsumbue mtu kumpeleka haja, mpaka midomo ikampasuka. Alikuwa anakufa kwa kuona haya. Bi Thuwaiba alipotambua hivyo alilia sana.

Akaja jirani yake, Bi Najma, akamwambia, "Dada, jambo hili jepesi. Nenda kwa Liwali ukamwambie katibu wake hata kizingiti hakuvuka, aliandika akiwa njiani. Watumishi watarudi kesho, na wazee watabaki na heshima yao. Nani atakubishia?"

Ushauri ule ulikuwa na utamu wake, tusidanganyane. Bi Thuwaiba alikaa nao mchana kutwa, na bibi aliyeteguka anaugua mbele yake. Mwisho akasema, "Nilimdanganya mtu yule mara moja kwa kilemba na joho. Leo nimzulie, nimle nyama yake akiwa hai? Hasha! Mungu aniepushe."

Akaenda kwa Mzee Jubran, akaketi miguuni pake. "Baba, nataka kwenda kusema kweli. Lakini kweli yenyewe ni ya mwili wako. Usiponipa idhini sitafungua mdomo."

Mzee akageukia ukutani. Kisha akasema, "Yule bibi ameteguka mkono kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeanza kusimama. Usinisemee, mwanangu. Nibebeni niende mwenyewe."

Basi wanaume wanne wakambeba na kitanda chake mchana kweupe, wakapita naye katika soko la mikate, mbele ya watu aliowalisha miaka arubaini. Alifumba macho njia nzima.

Walipofika barazani Liwali akaingia, na watu wote wakasimama, kama ilivyo adabu. Mmoja tu hakusimama. Liwali akamtazama.

"Nisamehe, Bwana Liwali," Mzee Jubran akasema. "Siwezi kusimama. Na siku ile pia sikusimama. Nilifungwa kwenye nguzo. Katibu wako ni mkweli. Sisi ndio tuliomficha."

"Na aliyemfunga ni mimi," akasema Bi Thuwaiba. "Kama ipo adhabu, ni yangu."

Mundhir akainamisha kichwa. "Nami nilikunywa kahawa yao, nisitazame miguu yao."

Liwali akashuka kitini, akaketi chini kando ya kitanda. Akasema, "Watumishi wenu wamekwisha kwenda kwa wenye ukoma nje ya mji. Siwezi kuwanyang'anya wale." Moyo wa Bi Thuwaiba ukafa. Liwali akaendelea, "Lakini hapo mlangoni pangu wamesimama walinzi wawili wenye mikono minene, hawana kazi ila kunifanya nionekane mkubwa. Kuanzia leo ni wenu, na Baitulmali itawalipa kama ilivyowalipa wenzao."

Mzee Jubran hakushukuru papo hapo. Aliomba maji, akanywa kata nzima, akaomba nyingine.

Ndugu zangu, kuona haya ni pambo la muumini, na wala sitamlaumu mzee kwa kuficha udhaifu wake. Lakini Mungu alipenda kumpandisha daraja kwa lile alilolifichua, si kwa lile alilolificha. Na ninyi mliokabidhiwa mali ya umma, msingoje kilio cha mwenye haya. Wazee wetu ukiwauliza "Hujambo?" watakujibu "Sijambo" hata roho ikiwa kooni. Wanasema Mundhir, tangu siku ile, aliiacha salamu ya haraka haraka. Akiingia nyumba ya wazee huuliza, "Nani amekuinua leo asubuhi?" Akiona kimya, hukunja mikono ya kanzu yake.