Nyonga ya Mama na Kikao cha Ukoo

"Milioni kumi na mbili hapa, milioni nane kule, na nauli humo humo! Kaka, unasita nini?"

Binti mmoja, ndugu zangu, alikuwa amesimama katikati ya kikao cha ukoo kwa hasira. Nyonga ya mama yao ilikuwa imesagika, anajikongoja kwa fimbo, usiku halali kwa maumivu. Ukoo ulikuwa umechangishana awekewe nyonga ya bandia. Kilichobaki ni kuamua hospitali gani.

Kaka mkubwa akacheka. "Wewe udaktari umesomea jikoni?"

"Daktari wa hapa hapa ndiye kaniambia! Kasema, 'Dada, nyonga sisi tunaweka mara mbili, tatu kwa mwaka. Vifaa tunaagiza kimoja kimoja, ndiyo maana ni ghali. Kule hospitali ya rufaa ni kazi yao ya kila siku. Mpasuaji kazoea, wauguzi wamezoea, mgonjwa anainuliwa mapema, anarudi kwake. Angekuwa mama yangu, ningempeleka kule.'"

"Safari ya siku nzima! Uji nani atampelekea? Mama yetu alazwe ugenini kama mtu asiye na watu? Tutaonekanaje?"

Kikao kizima kikaguna kumuunga mkono kaka. Mnakijua kile kiguno. Binti akakaa. Peke yake angefanya nini?

Mama akapasuliwa pale pale mjini kwao. Na kweli watu walijaa! Chupa za uji zikakosa pa kuwekwa, kwaya ikaimba mpaka wauguzi wakaitoa nje. Kisha kidonda kikaanza kutoa usaha. Akapasuliwa tena, nyonga ile ikatolewa. Milioni nyingine zikaenda, kiwanja kikauzwa. Mama aliyeingia mle kwa fimbo akatoka kwa kubebwa.

Siku ya kumrudisha nyumbani, binti akiwa anamtandikia kitanda, kaka akashika Biblia. "Mama, haya ni mapenzi ya Mungu. Tushukuru."

Mama akamjibu.

"Siku ya kikao nilikuwa chumba cha pili, mwanangu. Nilisikia yote. Mapenzi ya Mungu aliyasema mdogo wako, mkamkalisha. Na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mlango akaniuliza mimi."

Binti akaendelea kutandika, machozi yakidondokea shuka.

Na sisi je? Kumlilia mgonjwa tunajua sana. Lakini ni nani hapa aliyewahi kumuuliza daktari, "Kazi hii unaifanya mara ngapi?" Tunaona ni utovu wa adabu! Fundi wa paa tunamuuliza kaezeka nyumba ngapi. Anayempasua mama yetu tunamwonea haya. Tena daktari yule hakuficha kitu, alisema hata kabla hajaulizwa. Sisi ndio hatukutaka kusikia, kwa sababu tulikuwa tunatafuta pa kuonekana, si pa kumponya mtu. Tukishaharibu, tunamtwika Mungu. Mimi hilo silikubali, na nasema wazi kwenye madhabahu hii.

Wapo humu wenye mzazi kitandani kwa uamuzi wa namna ile. Mnajijua. Usimpelekee aya ya kumfariji. Anakudai neno "nilikosea". Kamlipe leo.