Kiherehere na Mzinga wa Malkia Wengi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Kale sana, nyuki walipokuwa wakisema, palikuwa na mzinga kwenye mgunga.

Nyuki mmoja, Kiherehere, ndiye aliyewaita wenzake kazini. Maua yakichanua, anavuma, vuuu, wenzake wanaruka. Asali ikitosha, ananyamaza.

Bi Mwanakheri, mkubwa wa nyuki walezi, alilisha watoto. Wote mama mmoja, damu moja. Siku tatu aliwapa maziwa mazito ya walezi. Siku ya nne akawabadilishia, akawapa chavua, ule unga wa maua, na asali, wakakua wafanyakazi. Mmoja tu aliendelea na maziwa, akakua malkia.

Mwaka mmoja maua yalizidi. Kiherehere akaonja utamu wa kusikilizwa. Hakunyamaza tena. Vuuu asubuhi, vuuu mchana, vuuu jioni. Asali ikajaa, ikafurika. Walezi wakavimbiwa, maziwa yakawachuruzika, yakaingia kila chumba cha watoto, hata waliopita siku ya nne.

"Mwanangu, pumzika," Bi Mwanakheri akamwambia.

"Shibe ina ubaya gani, bibi?"

Watoto wakatoka. Huyu malkia. Yule malkia. Na yule pale, malkia.

"Kachoteni maji," wafanyakazi wazee wakawaambia.

"Malkia hachoti maji."

"Basi fagieni."

"Malkia hafagii."

Wakabaki kutunishiana vifua na kuchomana. Wafanyakazi wazee wakafa mmoja mmoja, wala hapakuwa na wa kushika nafasi zao. Asali tele, mzinga unanuka.

Nyuki wakasema, "Tuwaue hawa watoto."

"Wana kosa gani?" akauliza Bi Mwanakheri. "Tumewalisha wenyewe." Akamgeukia Kiherehere. "Sauti yako ilileta asali. Asali ikaleta maziwa. Maziwa yakawageuza watoto."

Kiherehere akatazama dada yake mmoja aliyechomwa katika ugomvi ule, amelala chini. Akaona haya. Akakunja mabawa.

Kimya. Siku moja, siku mbili. Asali ikapungua, maziwa yakakauka. Watoto wapya walipofika siku ya nne wakapewa chavua. Wakatoka wafanyakazi, wakashika mafagio yao, fya, fya, fya.

Wale malkia wakaruka kutafuta mizinga yao, huku wakibishana nani atabeba mizigo. Nyuki wakacheka mpaka nta ikatikisika.

Basi jueni: tamaa ya mmoja hubadili chakula cha wote, na chakula hubadili watoto. Ajuaye kuanza, ajue na kukoma.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka akalale.