Nyumba ya Fisi Katikati ya Mji

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu ni lini hasa, maana hata aliyenisimulia mimi hakuniambia, wanyama walikuwa na mji wao wa mawe. Mbwana, toa kidole mdomoni. Hadithi hii si ya kuchekea.

Mji ule ulikuwa unakua. Kila kukicha wanaingia wageni na mizigo kichwani, na wote wanataka kitu kimoja: kukaa katikati. Nani atakubali kukaa pembeni kwenye miiba, na katikati kuna kisima, kuna soko, kuna kinyozi, kuna mkaanga mihogo? Ukiishiwa chumvi, unanyoosha mkono dirishani. Ukiumwa usiku, jirani anakwambia pole huko huko kitandani kwake. Katikati kulikuwa kutamu, jamani, tusidanganyane.

Basi nafasi zikawa haba, na wenyeji wakaweka desturi yao. Mgeni akitaka kujenga, anamwendea mwenye nyumba, anasema, "Jirani, naomba ukuta." Mwenye nyumba anajibu, "Egemea." Basi! Mgeni anajenga kuta zake tatu, wa nne ni wa jirani. Na neno hilo likishatoka halirudi, hata ulie machozi ya damu. Nyumba zikaegemeana, hii kwa ile, ile kwa nyingine, mpaka huwezi kujua ya nani inaishia wapi.

Sasa, nje ya mji, kwenye pango, alikaa Fisi mmoja akiitwa Kingugwa. Jitu la mabega mapana, likitembea utadhani linachechemea, kumbe ndiyo mwendo wake. Huyo akisikia njaa anaingia mjini, anabisha mlango wowote, anachukua mtoto wa nyumba hiyo na kwenda zake. Wakubwa hawataki, anasema nyama yao ngumu. Na nani wa kumzuia? Waliojaribu wamezikwa vipande.

Bi Pelele, wa ukoo wa pimbi, alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa maneno. Alikuwa na watoto watatu. Kombo akachukuliwa. Shaali akachukuliwa. Akabaki na Tatu, kitinda mimba wake, na mama akawa hapati usingizi bila kumshika mkono.

Siku moja adhuhuri, ngo! ngo! ngo!

"Hodi!"

Bi Pelele akaijua sauti. Akamsukumia Tatu chini ya kitanda, akafungua.

"Karibu, bwana mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mama Tatu. Unajua nilichofuata."

Bi Pelele akamtazama. Kingugwa alikuwa anahema, ulimi nje, nyayo zimejaa miiba ya njiani. Ndipo wazo likamjia palepale.

"Ee bwana wangu, masikini! Mtu mwenye heshima zako, jua lote hili, unafuata chakula kwa miguu? Watu wanakuonea huruma, wallahi."

"Nani ananionea huruma?" Kingugwa akanguruma.

"Mji mzima! Wanasema, Kingugwa naye bado anakaa pangoni. Hata chura ana chumba katikati. Wewe ungekaa karibu na kisima, watoto wote wa mji wangekuwa wanacheza mlangoni pako. Unaamka, unajinyoosha, unanyoosha mkono. Basi."

Kingugwa akameza mate. Glup!

"Na nyumba nitaipata wapi?"

"Tutakujengea sisi! Ila Tatu uniachie mpaka siku ya karamu. Nyumba ya katikati haijawa ya katikati mpaka iegemewe na majirani kila upande. Siku hiyo ndiyo utafanya karamu, na huyu nitamleta mwenyewe."

"Utamleta wewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Hii hii hiii!" Kingugwa akacheka, akaenda zake. Bi Pelele akafunga mlango, akamtoa Tatu chini ya kitanda.

Jioni akawaambia majirani. Bwana Nungu, mzee mkali aliyebakiwa na mtoto mmoja tu kama Bi Pelele, akasimamisha miiba yote.

"Umerukwa na akili? Unamleta jikoni? Si heri abaki pangoni kwake!"

"Hebu sogea, kaka yangu." Bi Pelele akamnong'oneza sikioni. Nungu akasikiliza. Miiba ikalala, mmoja mmoja.

"Na akitugundua?" akauliza.

"Atatumaliza. Lakini tukikaa kimya si anatumaliza vilevile?"

Wakajenga. Nyumba nzuri, kuta nene, dari na sakafu ya mawe, mlango mmoja, mbele ya kisima. Kingugwa akahamia, akaketi barazani akijipepea. Wageni wanampita wakimwamkia kwa woga. Alifurahi huyo! Anasikia soko likivuma, ananusa mihogo ikikaangwa, anawaambia wapita njia, "Mimi pangoni sirudi. Nilikuwa naishi kama mnyama."

Binamu yake Bi Pelele akaja. "Jirani, naomba ukuta."

"Egemea!" Kingugwa akasema, amevimba kichwa.

Ukuta wa kulia ukaegemewa. Akaja mwingine, ukaegemewa wa kushoto. Na nyuma ya hao wengine tena, na nyuma yao wengine.

Lakini fisi ni fisi. Ukuta wa nyuma ulipokuwa unapanda, njaa ilimshika, akatoka, akamchukua mtoto wa Nungu. Mchana kweupe, mbele ya kisima.

Bi Pelele akaenda kwa Nungu. Alimkuta amekaa sakafuni. "Kaka, nisamehe. Mimi ndiye niliyemleta."

Nungu aliinuka, akabeba jiwe, akaenda kwenye ukuta. Siku zote zilizobaki alibeba mawe makubwa kuliko ya mtu yeyote.

Ukabaki upande wa mlango. Bi Pelele akamwendea Kingugwa, akaketi chini.

"Bwana mkubwa, kimebaki kitu kimoja. Tunataka kukujengea bucha hapo mbele, liuegemee mlango wako. Tutaacha tundu, nyama inapitia humo mpaka kitandani. Hutoki tena, hukanyagi mwiba tena."

"Na Tatu?"

"Ndiye wa kwanza kupita tunduni."

"Naomba useme 'egemeeni' mbele ya watu," Bi Pelele akaongeza. "Ndiyo desturi."

Kingugwa akasimama barazani, mji mzima unasikia. "Egemeeni!" akapaza sauti. "Egemeeni, na mfanye haraka!"

Akaingia ndani, akalala chali. Nje, ta! ta! ta! Mawe yanapanda.

"Ndiyo bucha hilo?"

"Ndilo, bwana!"

"Mbona giza?"

"Nyama haitaki jua, bwana, itaoza!"

"Kweli kabisa. Ongezeni mawe!"

Wakaongeza. Tundu likabaki la kutosha kichwa cha pelele. Kingugwa akaanza kununa. "Sisikii harufu ya nyama. Nitatoka nione."

Bi Pelele akamshika Tatu mkono. "Simama hapo mbele ya tundu, mwanangu. Usikimbie mpaka nikwambie."

"Naogopa, mama."

"Hata mimi."

Tatu akasimama. Kingugwa akaliona jicho dogo la Tatu tunduni, akatulia, akajilaza chini kumsubiri apite. "Njoo, kitoto. Njoo, mzuri wangu."

"Kimbia!" Bi Pelele akapiga kelele.

Ukucha ukatoka, kwaa! Ukakwaruza hewa. Na Nungu, aliyekuwa amekumbatia jiwe la mwisho kifuani, akalisukuma tunduni. Puu!

Kisha sauti ikatoka ndani, ndogo, ya mtu asiyeamini.

"Mama Tatu? Mlango uko wapi?"

Kingugwa akapapasa kuta gizani.

Akaupiga ukuta kwa bega. Ukuta mmoja angeuangusha, hilo lilikuwa jitu. Lakini ule ulikuwa umeegemea nyumba ya jirani, na ya jirani imeegemea ya jirani yake, hata nje ya mji. Kila akisukuma, anasukuma mji mzima.

Ndipo akaanza kupiga hodi. Mmepata kusikia mtu akipiga hodi kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe?

"Hodi! Jamani, hodi! Mama Tatu, nitarudi pangoni! Sitakula tena! Hodi!"

Ilisikika kila chumba, maana kuta zilikuwa za pamoja. Watu walikula chakula chao wakiisikia. Wengine waliziba masikio. Bi Pelele hakuziba. Alikaa amemweka Tatu mapajani, akaisikiliza hodi mpaka ikawa mkwaruzo tu, na mkwaruzo ukaisha. Tatu akasema, "Mama, amenyamaza." Mama yake akalia, na hata yeye hakujua analilia nani.

Mji uliendelea kukua. Wageni wanafika, wanazunguka na mizigo yao, wanaliona lile paa pana kuliko yote, majirani kila upande, kisima hapo hapo. Wanamuuliza Bi Pelele, "Bibi, nyumba nzuri hiyo ya katikati ina mtu? Tungependa kupanga."

Naye anawajibu, "Mwenyewe yupo. Hatoki."

Basi nanyi, watoto, mkitaka kukaa katikati ya watu, kwanza msile watoto wao.